Matundu ya Misumari

Mgongo wake ni taruma. Hilo nililitambua kwanza, kabla sijang'amua kwamba naangalia umbo la mtu. Taruma la jahazi, lile gongo lililopinda ambalo mbao za ubavu hupigiliwa juu yake, limesimamishwa kwenye kipande cha mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo kizima, na juu yake kikafungwa kichwa ambacho kilikuwa gofia ya kupitishia kamba ya tanga. Mikono ni vipande vya ubao wa ubavuni, bado vina rangi ya samawati iliyobambuka. Mwisho wa mikono pana ndoo ya bati iliyoliwa na kutu hadi kitako kimekuwa kama wavu. Mtu ameinama, anakumba maji.

Sanamu hiyo iko uani kwa fundi mmoja kijana, Mji wa Kale, hatua chache kutoka Bandari ya Kale. Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka, nikadhani nitakaa dakika kumi. Niliondoka baada ya adhana ya alasiri, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza nini hasa kilichonishika pale. Nataka kulijibu swali hilo kwa makini, kwa sababu naona tunavyozisifu kazi za namna hii hapa Mombasa tunazikosea.

Nianze na langu mimi, ili msomaji ajue nimesimama wapi. Baba yangu aliingia baharini akiwa mvulana, na kazi yake ya kwanza chomboni ilikuwa kukumba maji. Chombo cha mbao huvuja, hata kikiwa kipya, na maji yote hukusanyika ngamani, chini kabisa, mahali penye giza na harufu ya samaki waliooza. Methali ya kwenda tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, marejeo ngamani, sisi wengine tunaitumia kumwambia mtu kwamba atarudi alikoanzia. Baba aliisikia tofauti. Ngamani palikuwa mahali pake pa kazi, usiku na mchana, na alipozeeka mgongo wake ulibaki na mpindo ule ule. Kwa hiyo nilipomwona yule mtu wa mbao, magoti yalilegea. Sioni haya kulisema.

Lakini kama ni hilo tu, basi nililia kumbukumbu yangu na sanamu haikufanya lolote. Hapo ndipo aliponisaidia msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo kutoka bara, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajapata kupanda chombo chochote cha baharini isipokuwa feri ya Likoni. Naye alikuwa amenyamaza. Alizunguka mara mbili, kisha akanyoosha kidole akakitia katika tundu moja la msumari kwenye lile taruma, akakiacha humo. Hakuwa na baba mkumba maji. Kuna kitu kilichomfikia bila ya kupitia kwa baba.

Nadhani kilimfikia kupitia lile tundu.

Litazame kwa karibu. Msumari wa jahazi wa zamani ulifuliwa na mhunzi, una pembe nne, na tundu unaloliacha si la duara kama la misumari ya dukani. Kutu imeingia ndani ya mbao miaka mingi, ikafanya doa jeusi kuzunguka kingo, kama wanja uliochujuka. Katika ufa ulio karibu pamebaki pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za chombo, imekuwa ngumu kama nta kwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo chombo hupakwa ili mbao isikauke ikapasuka. Ukisogeza pua, harufu ipo bado. Kila tundu lina maana kwamba mtu alisimama mahali fulani akainua nyundo. Watu hao hatuwajui majina. Tunachokijua ni nguvu ya mkono wao na pembe waliyopigia, hata pale walipokosea wakapiga tena pembeni kidogo, maana yako matundu mawili yaliyokaribiana sana, na moja limezibwa kwa kijiti.

Msanii anayechukua gogo jipya yuko peke yake na gogo lake. Anayechukua taruma kuukuu amekuta watu ndani. Sidhani kazi yake inakuwa rahisi kwa hilo, nadhani inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu hawezi kuipinda mbao ile atakavyo. Na mpindo wenyewe una hadithi ambayo watu wengi hawaijui. Fundi wa vyombo hapindi taruma. Huenda mikokoni au msituni akatafuta tawi lililokwisha kupinda lenyewe, kwa kuwa mbao iliyoota ikipinda nyuzi zake zinafuata mpindo na haivunjiki kama ile iliyochongwa kwa kukata nyuzi. Kwa hiyo mgongo wa yule mtu ulichaguliwa mara tatu. Mti uliinama kwanza, pengine kwa kufuata jua. Akaja fundi wa chombo akauona mpindo ule, akasema huu ni ubavu. Akaja kijana wa Mji wa Kale miaka mingi baadaye, chombo kimekwisha kuvunjwa, akasema huu ni mgongo wa mtu. Yule msichana alikuwa anagusa maamuzi matatu kwa kidole kimoja, na naamini mwili wake ulijua kabla akili yake haijapata maneno.

Sasa linganisha na namna tunavyoziongelea kazi hizi hadharani. Nimehudhuria maonyesho kadhaa ya sanaa ya vitu vilivyookotwa, na hotuba ni ile ile: taka ni mali, tusafishe fuo zetu, vijana wajiajiri. Maneno hayo ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Lakini ukimpa mtu idadi ya kilo za plastiki zilizotolewa ufukweni, umempa sababu ya kuunga mkono usafi, hujampa sababu ya kusimama mbele ya sanamu. Na wasanii wetu wameanza kuyaamini maneno hayo. Wanaumba samaki na kasa wa kandambili, wanawasugua hadi wawe laini, wanawapaka rangi hadi usijue tena kama kitu hicho kiliwahi kuvaliwa na mguu. Ni kazi safi, zinauzwa, na zinalisha watoto. Mimi hupita mbele yake nikatabasamu nikaendelea na safari. Kilichoweza kunisimamisha kimesuguliwa kikatoka.

Hapa lazima nikitaje chombo cha Flipflopi, kwa sababu kila nikisema hivi kuna mtu hunikumbusha. Kilijengwa Lamu kwa tani zipatazo kumi za plastiki iliyookotwa, kikafunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000, na mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Hicho kinanigusa, ijapokuwa rangi zake zinawaka kama khanga mpya. Kinanigusa kwa sababu fundi Ali Skanda na wenzake walikiunda kama vinavyoundwa vyombo: mkuku, mataruma, mbao za ubavu, isipokuwa mbao zenyewe ni plastiki iliyoyeyushwa. Plastiki ililazimishwa kutii kanuni ya kazi iliyo kongwe kuliko yenyewe, kisha ikatiwa majini ijaribiwe.

Mfano ulioniwekea wazi jambo hili kuliko mingine uko mbali na kwetu, na nimeuona kwa picha tu. Msumbiji ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1977 hadi 1992. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la nchi hiyo walianzisha mpango wa kukusanya silaha zilizobaki majumbani na zilizofukiwa ardhini. Mtu aliyeleta bunduki alipewa jembe, cherehani au baiskeli. Bunduki zilikatwakatwa, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato anayejulikana kama Kester, mwaka 2001 aliunda kiti cha enzi kwa vipande hivyo, ambacho leo kiko British Museum, London. Juu ya mgongo wa kiti pana vitako viwili vya bunduki, na kila kimoja kina uso. Macho yapo, na mdomo upo, kama unaotabasamu. Kester hakuzichonga nyuso hizo. Macho ni matundu ya skrubu na mdomo ni mahali palipopita mkanda wa kuvalia bunduki begani. Kazi yake ilikuwa kuchagua vitako vilivyokwisha kuwa na sura, na kuviweka pale vikuangalie.

Fikiria angevipiga msasa na kuvipaka rangi ya dhahabu, kama viti vya enzi vipakwavyo. Kingebaki kiti kizuri. Ule uso ungekufa, na pamoja nao bega la yule aliyeibeba.

Yako malalamiko mazito ambayo siwezi kuyaruka. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sanaa, huniuliza kwa hasira kwa nini kila Mwafrika akiumba kwa chuma chakavu wageni hupiga makofi, na akiumba kwa shaba au marumaru hawamtazami. Anaona tunatakiwa tuwe watu wa jalalani milele, tushangaze ulimwengu kwa kuwa hatuna kitu. Hoja yake inauma kwa kuwa ina ukweli, soko lipo la namna hiyo. Lakini tazama El Anatsui wa Ghana, ambaye ameishi na kufundisha Nsukka, Nigeria. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa mbao na udongo, akajulikana kwa hizo. Alipookota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali mwishoni mwa miaka ya 1990, hakuwa amekosa vifaa. Alivichukua kwa sababu pombe hiyo ni moja ya bidhaa ambazo meli za Wazungu zilileta Afrika Magharibi, zikabadilishana kwa watu waliouzwa utumwani. Aliviponda vikawa bapa, akavishona kwa waya wa shaba hadi vikawa kama nguo kubwa zinazomeremeta, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Kuchagua kitu kilichochakaa kwa sababu ya kile kinachokijua ni tofauti na kukiokota kwa sababu huna kingine, na jicho linalotazama kwa makini huiona tofauti hiyo.

Romuald Hazoumè wa Benin naye alichagua mitungi ya plastiki, ile inayobebea petroli ya magendo kutoka Nigeria. Mdomo wa mtungi ukawa mdomo, na mpini ukawa pua. Alipanga barakoa 304 za namna hiyo sakafuni kwa umbo la meli ya watumwa. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa mtungi ni nini. Umeuona kwenye mkokoteni alfajiri, mitungi ishirini ya njano imefungwa kwa kamba, na mtu aliyeinama mbele yake akiukokota kuelekea mitaani ambako mifereji imekauka. Bado sijamwona msanii wetu aliyeutazama mtungi huo kama Hazoumè alivyoutazama wake. Namngoja kwa hamu.

Lipo pia jambo la vitu ambavyo havikutakiwa kuokotwa, na hili ni letu wenyewe. Wamijikenda, Wagiriama hasa, humchongea mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, kigango anapofariki: nguzo ya mbao ngumu yenye kichwa na nakshi za pembetatu, husimamishwa bomani ili roho yake ipate makazi. Kigango hakihamishwi. Jua, mvua na mchwa hufanya kazi yao, na huko kuchakaa ni sehemu ya heshima yake. Tangu miaka ya 1970 vigango viling'olewa kwa mamia vikauzwa Marekani kama sanaa, na kule viliwekwa ndani ya vyumba vikavu visioze. Baadhi vimerudi. Makumbusho moja ya Denver ilirudisha thelathini, vikafika Kenya mwaka 2019. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kigumu zaidi cha mada nzima. Mkusanyaji aliyevutiwa na mbao ile iliyopasuka na kupauka huenda alivutiwa kama mimi nilivyovutiwa na taruma. Huenda naye alitia kidole katika ufa. Hisia yake haikumpa haki. Kigango kilikuwa bado kazini, ilhali lile taruma lilikuwa limekwisha kazi yake, na mtu wa kuliliwaza hayupo.

Ndiyo maana namuuliza kila msanii anayetumia vitu vikuukuu: umekitoa wapi, na nani aliyekuachia? Milango ya nakshi ya Mji wa Kale imeng'olewa na kupelekwa hotelini na ng'ambo, na siku hizi mbao za majahazi zina soko la viti na meza za nyumba za ufukweni. Mbao ya meza hizo hupigwa randa, matundu huzibwa kwa gundi na unga wa mbao, kisha vanishi. Mteja anataka umri wa mbao bila ya kazi yake.

Kijana wa Mji wa Kale alinieleza bila ya kuulizwa. Vyombo viwili vilikuwa vimelazwa matopeni miaka mingi, wenyewe wamefariki, na warithi walikuwa wanaviuza kwa mafungu ya kuni. Alinunua kuni. Nilikaa kimya, kwa kuwa nalikumbuka la kwetu: jahazi ambalo baba alilifanyia kazi hadi akawa nahodha wake lilivunjwa hivyo hivyo, mbao zikaingia katika tanuri la mikate, nasi watoto wake tulikuwa mjini na hatukusimama kulizuia. Vyombo vilikuwa vimekwisha kupungua. Miaka ya nyuma, upepo wa kaskazi ukivuma, bandari hii ilijaa majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliyoleta tende na kurudi na boriti za mikoko. Usafirishaji wa boriti nje ulipopigwa marufuku mwaka 1982, na makontena ya Kilindini yakabeba mzigo uliobaki, kazi ya chombo cha mbao ikawa ndogo sana.

"Mtu alikuja juzi, ami," kijana akaniambia. "Ataka kuinunua, aiweke pale watu waingiapo hotelini. Lakini ataka n'ipige vanishi, na ndoo n'itie mpya."

"Ukamwambiaje, mwanangu?"

"N'kamwambia bei. Akenda zake."

Aliipandisha bei makusudi ili asilazimike kukataa. Nikampenda kwa hilo, ingawa najua kodi ya ua ule inamngoja.

Mji wetu hauna sanamu nyingi za hadharani. Tunayo mapembe ya Moi Avenue, ya aluminiamu, yaliyosimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ufalme wa Uingereza, na mpaka leo ndiyo picha ya kwanza ya Mombasa kwenye kadi na fulana. Tunapo Kibarani, ambako jaa lilifuka moshi miaka na miaka hadi lilipofungwa mwaka 2018, pakapandwa miti. Anayeingia kisiwani kwa barabara anapita pale. Mimi ningelitaka lile umbo la mkumba maji lisimame Kibarani, kubwa mara tano, la mbao za vyombo na vyuma vya bandarini, bila ya rangi. Kaunti ikitangaza zabuni ya pomboo wa saruji, niko tayari kupinga kwa jina langu.

Wiki iliyopita nilirudi uani pale na mzee mmoja, nahodha mstaafu, aliyesafiri na baba. Sikumweleza tunakwenda kuona nini. Alisimama mbele ya sanamu akaitazama kama mtu atazamavyo chombo anachotaka kukinunua, kuanzia chini.

"Taruma hili la huku tezi," akasema. "Nawe umelisimamisha juu chini."

Kijana akashtuka. "Nilipindue, babu?"

Mzee hakujibu upesi. Alikwenda nyuma, akainama kidogo, mkono mmoja kiunoni, akaulinganisha mgongo wa mbao na wake mwenyewe. "Liache," akasema. "Mkumba maji ndivyo apindavyo."

Kisha akapitisha vidole kwenye ule ufa wenye pamba, akaukwaruza kwa ukucha, akavileta puani.

"Sifa," akasema, akanipa na mimi mkono wake ninuse.